Jina Moja Mara Nne

Benchi la mbele ya duka la Machogu pale Ikonge lilikuwa na miguu minne, mitatu ya mti na mmoja wa bomba la baiskeli. Huo wa bomba aliutia Zachariah, fundi wa baiskeli, siku mguu wa zamani ulipokatika wakaanguka wote na chai zao. Machogu mwenyewe, fundi cherehani, walimwita Sindano. Hakukaa benchini. Alikaa ndani, hapo mlangoni, mguu uko kwenye cherehani na masikio yako nje. Obwocha, karani wa kupima majani ya chai, aliitwa Mizani, na wakulima wengine walilitaja jina hilo kwa uchungu. Nyangau wa bucha aliitwa Redio, na sababu hakuna aliyeiuliza baada ya kukaa naye dakika tano. Ondieki alifundisha darasa la sita, kwa hiyo alikuwa Mwalimu, basi. Chai ilikuja kwa birika kutoka hoteli ya jirani, isipokuwa kwa Sindano, Msabato wa kweli asiyeonja chai wala kahawa, ambaye alikunywa uji wake wa wimbi katika kikombe chake mwenyewe. Jumatatu hiyo, mwaka wa sabini na nne, walikuwepo wote ila Zachariah. Mahali pake, pale juu ya mguu wa bomba, palikuwa wazi, na hakuna aliyesogea kupajaza.

— Amefunga, Ondieki akasema. Nimepita saa saba, amefunga. Nimepita tena nikitoka shule, bado. Jirani yake anasema anapanga vitu kwa sanduku. Kesho asubuhi anapanda gari ya Kericho.

— Kericho kufanya nini? Redio akauliza.

— Kutengeneza baiskeli. Kwani Kericho hawana baiskeli?

— Wacha maneno, Mwalimu. Mtu mzima hawezi kuhama kwa sababu ya mchezo.

— Basi yeye anahama.

Ondieki alisema hivyo akitazama chai yake. Hakuwa amelala vizuri, wala hakuwa amefundisha vizuri. Darasa la sita walikuwa wameandika insha siku nzima kwa sababu mwalimu wao hakutaka kusema. Zachariah alikuwa rafiki yake wa miaka sita, na mchezo ulikuwa wake yeye Ondieki, aliuleta mwenyewe kwa mikono yake miwili.

Aliupata kwenye kozi ya walimu, likizo ya Agosti. Mkufunzi mmoja Mzungu aliwaalika chakula nyumbani kwake, akawagawia karatasi, akawaambia kuna mtu ameuawa na muuaji amekaa kwenye meza hii hii anakula. Walicheka mpaka mwalimu mmoja wa Nyamira akamwaga supu. Ondieki akarudi nyumbani na mchezo huo kichwani kama mtu aliyenunua redio mpya. Akakaa wiki tatu anaandika wa kwake. Akachagua Jumapili mchana, maana Jumamosi Sindano yuko kanisani tangu asubuhi.

Shida ya kwanza ilikuwa maiti. Hakuna aliyekubali kuwa maiti. Redio alisema atakuja na nyama lakini hatalala chini. Nyanchama, mke wa Ondieki, akamaliza hayo maneno: katika nyumba yake hakuna mtu mzima atakayelala kama mfu huku watu wanakula kuku. Basi wakajaza gunia majani makavu ya ndizi, wakalivalisha koti kuukuu la Ondieki, wakaliita Tajiri. Tajiri aliuawa ndani ya ghala lake. Kila mgeni akapewa karatasi ya kumwambia yeye ni nani: Sindano mkwe wa Tajiri, Redio jirani yake, Mizani karani wake, Nyanchama mke wake wa pili, jambo ambalo Nyanchama hakulipenda hata kidogo, na Zachariah mlinzi wa ghala. Katikati ya chakula Ondieki alisoma dalili moja baada ya nyingine. Mwisho kila mtu aandike jina la muuaji, akunje, atie kwenye sahani.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ondieki alikunjua ya kwanza, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari: “Zachariah.” Wakacheka wote, na Zachariah mwenyewe akacheka. Ya pili: “Zachariah.” Wakacheka tena. Ya tatu, Zachariah. Fundi akaweka mfupa wa kuku kando ya sahani. Ondieki, Mungu amsamehe, akaisoma na ya nne kwa sauti ile ile ya mtangazaji. Zachariah akasimama, akachukua kofia yake, akamshukuru Nyanchama kwa chakula, akatoka. Karatasi ya tano Ondieki hakuisoma. Ilikuwa ya Zachariah mwenyewe, aliyekuwa wa kwanza kukunja, ikabaki chini ya nyingine. Sasa ilikuwa mfukoni mwa shati la Ondieki, bado imekunjwa.

— Mimi nitawaambia, Mizani akasema. Firigisi.

— Firigisi gani?

— Ya kuku. Firigisi alipewa nani?

— Mimi, Redio akasema. Na nilipewa kwa haki. Nani alileta nyama?

— Umeona! Zachariah ndiye mkubwa wetu kwa umri. Mkubwa yuko mezani, firigisi inakwenda kwa mtu wa bucha, mtu ambaye anakula firigisi kila siku ya Mungu. Mimi ningehama zaidi ya Kericho.

— Wewe ungehama kwa sababu ya shingo, Redio akajibu. Nilikuona ukiitafuta.

Sindano akasimamisha cherehani.

— Si firigisi. Ni maombi.

— Maombi yamefanya nini?

— Mimi niliombea hicho chakula. Nilifunga macho, nikasema Bwana tubariki na kila neno litakalosemwa hapa. Amina. Halafu tunafungua macho, neno la kwanza linalosemwa ni “nani amemuua?” Zachariah ni Mkatoliki lakini anamcha Mungu. Amekimbia hukumu.

— Na wewe uliyeomba mbona hukukimbia?

— Mimi nilikuwa nangoja ndizi, Sindano akasema, na cherehani ikaendelea.

Ondieki aliwasikiliza kama anavyosikiliza watoto wakieleza kwa nini kazi ya nyumbani haikufanywa. Alijua wanajua. Kila mtu Ikonge alijua. Mwaka wa sitini na nane, huko Zachariah alikokuwa akikaa kabla, upande wa Gucha, mtu mmoja alikufa mtoni, na wa mwisho kuonekana naye alikuwa Zachariah. Polisi walimweka ndani siku tisa. Wakachunguza, wakaandika kwamba marehemu alizama, wakamfungulia Zachariah aende zake. Akaja Ikonge na sanduku la spana. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo benchini, miaka sita yote, na wote walijiona watu wema sana kwa kutolitaja. Ondieki naye alijiona hivyo, mpaka jana. Alipoanza kukunjua zile karatasi alidhani atakuta majina manne tofauti.

Jana hiyo hiyo, Nyanchama alipokuwa akiosha vyombo, Ondieki alimuuliza ameandika nani.

“Si unajua,” Nyanchama akasema.

“Lakini dalili zote zilionyesha mkwe.”

“Sikusikiliza dalili, baba Marion. Nilikuwa naangalia ugali usipoe. Ukasema andikeni, nikaandika.” Akasugua sufuria moja muda mrefu. “Sasa najisikia vibaya,” akasema.

Kule benchini chai ilikuwa inamiminwa mara ya pili, na Redio alikuwa amepata moto.

— Nyinyi hamjui kitu. Mimi nilikuwa nimenyamaza tu. Huyo mtu ni siaidi.

— Nani?

— Zachariah! Ni polisi wa siri. Fikirieni. Mtu anakaa mahali miaka sita, hanunui shamba, haoi, hajengi. Anasikiliza tu. Kila mtu ana baiskeli, kila baiskeli inapita kwake, kila mwenye baiskeli anaongea. Sasa jana ameona tunajua kutafuta muuaji. Amesema, hapa kazi imekwisha, nitajulikana. Amekwenda kuandika ripoti.

— Ripoti ya nini, Redio? Mizani akauliza. Ya mbavu unazouza na mifupa mingi?

— Ya mizani yako, omogaka, mzee mzima! Hiyo mizani inayolala kabla mkulima hajaweka kikapu!

— Usiguse mizani yangu.

— Nani ameigusa? Hata wewe huigusi, inajisukuma.

Wakacheka, na kicheko kikaisha haraka kuliko siku nyingine. Mizani akatafuta kitu cha kusema.

— Nafikiri ni mwanamke, akasema. Ana mke huko Sirari, mpakani. Mnakumbuka Mwalimu alisoma dalili ya barua? Barua kutoka kwa mwanamke wa mbali? Nilimwona Zachariah akishtuka.

— Hiyo barua niliitunga mimi, Ondieki akasema.

— Uliitunga, lakini ikamgusa.

— Alishtuka kwa sababu ulimkanyaga chini ya meza ukijaribu kufikia shingo.

— Basi ni lile gunia, Redio akadakia. Haki ya Mungu, lile gunia lilikuwa linamwangalia yeye peke yake. Mimi nilikaa upande ule, halikuniangalia hata mara moja. Koti la mtu haliwekwi juu ya majani ya ndizi hivi hivi. Hilo gunia lichomwe.

— Gunia halina macho!

— Ndiyo maana linatisha.

Wakati huo alikuja mama mmoja na kikapu cha ndizi mbivu, amepanda kutoka bondeni, anangoja gari la kumpeleka kwa binti yake Kisii. Jina lake Bitutu. Aliwasalimu, akaomba kupumzisha miguu, akakaa mahali palipokuwa wazi, juu ya mguu wa bomba. Hakuna aliyemwambia ni pa nani. Ondieki akamwagizia kikombe. Mama akanywa taratibu, akawasikiliza kwa muda, maana gari halikuja na maneno yalikuwepo. Akauliza kidogo, akaelezwa mchezo, gunia, karatasi, na jinsi jina moja lilivyotoka mara nne.

— Samahani, wanangu, akasema. Huyo mtu wa majani ya ndizi, aliuawa na nani hasa?

— Na mimi, Sindano akajibu kutoka ndani. Kwa mchezo, mama. Nilikuwa mkwe wake.

— Na wewe uliandika nani?

— Zachariah. Lakini mimi nilikuwa najificha. Mchezo unataka muuaji adanganye, na baada ya maombi yale hiyo ilinisumbua sana.

— Wewe una sababu. Na wewe, baba?

Mizani akakohoa.

— Mimi... alikuwa mlinzi wa ghala. Mlinzi ndiye anakuwa karibu.

Bitutu akamgeukia Ondieki.

— Katika zile karatasi zako, mlinzi alikuwa wapi huyo tajiri akiuawa?

— Sokoni, Ondieki akasema. Na mashahidi wawili. Nilisoma mara mbili.

— Sasa mliandikaje mtu aliyekuwa sokoni?

Redio akatazama barabarani, akatazama birika, akainama karibu na mama kama mtu anayeuza nyama ya chini ya meza. Na kwa mara ya kwanza katika miaka sita maneno yale yakasemwa kwenye benchi lile.

— Mama, kuna habari ya mto. Zamani kidogo, huko Gucha. Mtu alikufa majini na Zachariah alikuwa naye. Polisi walimshika, wakamwachilia. Sisi hatusemi. Lakini ukipewa karatasi uandike muuaji... mkono unaandika.

— Ndiyo, Mizani akasema polepole. Mkono unaandika.

Bitutu akaweka kikombe chini.

— Na yeye mwenyewe anasema ilikuwaje?

Redio alifungua mdomo. Huyu alijua bei ya ng'ombe wa kila boma kuanzia Ikonge hadi Nyamira, alijua nani amegombana na shemeji na kwa nini. Alifungua mdomo, akaufunga. Mizani akamtazama Sindano. Sindano akamtazama Ondieki, maana Ondieki ndiye rafiki.

Ondieki alikuwa amekula na Zachariah, alimsindikiza kumzika mama yake, alimpa Marion mwanawe afundishwe kuendesha baiskeli. Alijua Zachariah hapendi maharagwe. Alijua anaogopa mbwa. Habari ya mto hakuwahi kuiuliza hata siku moja, na alikuwa akijisifu moyoni kwamba hiyo ndiyo heshima.

— Hatukumuuliza, akasema.

— Miaka sita? Bitutu akauliza.

— Miaka sita.

Aibu ilimshika Ondieki mpaka masikio yakawaka. Akatia mkono mfukoni, akatoa ile karatasi ya tano, akaikunjua. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyeandika mara nyingi, herufi kubwa zimelala upande mmoja. Akaisoma, na safari hii hakuwa na sauti ya mtangazaji.

— “Machogu. Uzi mwekundu kwa ufunguo wa ghala. Fundi wa nguo ndiye mkwe. Wengine wote walikuwa na mtu wa kuwashuhudia.”

— Yaya! Sindano akasema ndani. Amenipata.

— Amekupata, Ondieki akasema. Peke yake ndiye alicheza.

Akainuka. Birika lilikuwa limebaki na chai ya kikombe kimoja, akaiacha hapo. Akamwomba Bitutu radhi, akashika njia ya duka la baiskeli. Nyuma yake alisikia kiti kikisukumwa, akageuka, akamwona Sindano anatoka na utepe wa kupimia bado uko shingoni.

— Mimi niliandika kwa kujificha, Sindano akasema. Lakini niliandika lake. Ningeweza kuandika la Redio.

— Mimi nimesikia! Redio akapiga kelele kutoka benchini. Kisha naye akasimama, akamvuta Mizani mkono.

Mlango wa Zachariah ulikuwa wazi nusu. Ndani, kuta zilikuwa tupu pale zilipokuwa zikining'inia tairi na minyororo. Zachariah alikuwa amepiga goti anafunga sanduku la spana kwa mpira wa baiskeli. Aliwatazama, akaendelea kufunga.

— Hodi, Ondieki akasema.

— Karibu. Viti vimeshauzwa.

Ondieki akabaki amesimama. Alikuwa ametunga maneno njiani, maneno mazuri, na yote yalikuwa yamemtoka. Akanyoosha ile karatasi.

— Ya tano nimeisoma leo. Ulipata.

— Ule uzi mwekundu uliutaja mara tatu, Mwalimu. Hata mtoto wa darasa la pili angepata.

— Hawa hawakupata.

— Najua. Nilikusikia ukiwasoma.

Redio na Mizani walikuwa wamesimama nje wakijifanya wanaangalia kama gari la Kisii linakuja. Sindano alikuwa anazungusha utepe wake kidoleni.

— Nilisoma nne, Ondieki akasema. Ningeacha baada ya mbili. Niliona uso wako na sikuacha, kwa sababu nilikuwa nimekaa wiki tatu naandika huo upuzi na nilitaka ufike mwisho. Nisamehe. Lakini hilo silo lililonileta.

— Ni lipi?

— Nimekuja kukuuliza kitu ambacho ningekuuliza zamani. Siku ile ya mto ilikuwaje?

Mikono ya Zachariah ikasimama juu ya sanduku. Alimtazama Ondieki, kisha Sindano, kisha wale wawili wa nje, ambao sasa walikuwa wameacha kujifanya na wamesogea mpaka mlangoni. Ondieki aliona macho ya rafiki yake yamejaa maji.

— Polisi waliniuliza siku tisa, Zachariah akasema. Tangu hapo nyinyi ndio wa kwanza.

Akafungua ule mpira wa baiskeli, akauzungusha mkononi, akakaa juu ya sanduku.

— Ingieni, msisimame mlangoni, akasema. Aliitwa Ratemo. Ndiye aliyenifundisha kushika spana.